Yago Ndani ya Jeneza

Juzi nilipita sokoni Migori kununua nyanya, nikamkuta kijana mmoja amesimama juu ya kreti la soda, spika mkononi, akitangaza dawa ya ngozi. "Chunusi, madoa, makovu ya kuungua, hata michirizi ya uzazi, inafuta yote!" Mkono wake mwingine ulikuwa umeinua yago, tunda la kijivu, refu kama mkono wa mtu mzima. Lingine alikuwa amelipasua kwa panga, limelala mezani na nyama yake nyeupe nje. Harufu ikanipata kabla sijageuka, harufu ya boga bichi na udongo uliotoka kuchimbwa. "Sista, karibu, shika uone uzito wake." Nikamwambia akamshikishe mamake. Watu wakacheka, yeye mwenyewe akacheka, na mimi nikaondoka pale bila nyanya.

Wanaosema Kiswahili cha vitabuni huuita mti wa tunda hilo mwegea. Sisi Waluo tunda lake tunaliita yago, na kwetu halikuwa la chunusi. Mtu akifa na mwili wake usipatikane, amezama ziwani au amepotelea ugenini, watu wake hutafuta yago, wakalifunga shuka, wakalilaza kwenye jeneza, wakalizika kama mtu. Lazima kaburi liwe na kitu. Ukizika shimo tupu, wazee watakuambia umeita kifo kingine. Mimi nililijua hilo kabla sijajua kuandika jina langu vizuri, na kulijua kwangu nusu nusu ndiko kulikonitesa.

Nyumbani kwetu ni Nyatike, upande wa Sori, mahali ambapo ukitoka mlangoni unaliona ziwa, na upepo ukigeuka unakuletea harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, wanaoanikwa ufuoni. Baba alikuwa mwanajeshi. Kwa miaka mingi neno hilo kwangu lilimaanisha viatu tu. Akija likizo alikuwa anavipanga nje ya mlango na mimi navivaa, vinanifika magotini, nazunguka navyo uani kuku wakinikimbia. Wenzangu mliokuwa shule ya msingi wakati jeshi letu lilipovuka mpaka kwenda Somalia mtakumbuka tulivyofurahi. Jamani, tulikuwa wajinga! Kila mtoto alitaka kuwa mwanajeshi, hakuna aliyetaka kuwa adui, kwa hiyo vita vyetu tulivipigana na mbuzi.

Siku aliyoondoka Baba, babu yetu, ambaye kwa Kijaluo tulimwita Kwaro, alimsimamisha uani mbele ya watu wote, akamfungua kifungo cha shati na kumtemea mate kifuani. Msicheke. Mate ya mzee ni baraka, na Kwaro hakuwa mtu wa kugawa baraka ovyo. Baba akafunga shati juu ya mate yale bila kuyapangusa. Mimi akanivuta sikio, akaniambia, "Awuor, usimsumbue mama yako. Nikirudi nataka nikute meno yameota." Nilikuwa nimeng'oka ya mbele. Kisha akatoka langoni bila kugeuka nyuma, kama Kwaro alivyomwagiza.

Hofu zikaanza kidogo kidogo. Mvulana mmoja shuleni aliniambia kwamba Somalia hakuna maji, ati watu wanakunywa mkojo wa ngamia. Nikaacha kumaliza maji yangu. Kila kikombe nilikuwa nabakisha nusu, nakiweka kando ya mtungi, nikiamini kwamba yale ninayojinyima mimi yatamfikia yeye. Mama alivivumilia vikombe vyangu siku kadhaa, halafu akaniuliza, "Wewe, unamwachia nani maji haya yote?" Nikamwambia, "Baba." Alinitazama, akachukua kikombe, akayanywa polepole mpaka tone la mwisho. Hakunikataza. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nabakisha na yeye anakunywa, wala hatukulizungumzia tena.

Niliogopa pia simu ya Mama. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa, na huko ndiko netiweki ilikopatikana. Ukitaka kuongea na mtu unapanda juu, unasimama kama jogoo, kijiji kizima kinakusikia. Baba alikuwa anapiga Jumapili mchana, tukitoka kanisani. Mama alipanda jiwe hilo na nguo zake za kanisa, na mimi nilikuwa nasoma mgongo wake kutoka chini. Mabega yakishuka, nilijua Baba yuko hai wiki hiyo. Simu ikichelewa, nilikuwa naumwa na tumbo, naenda chooni, narudi, naenda tena. Bibi yetu, yaani Dani, aliamini nina minyoo, akaninywesha dawa chungu ambayo hadi leo siisamehe.

Sasa niwaambie kuhusu Odongo, maana bila yeye hamtaelewa. Odongo alikuwa jirani yetu, mvuvi, mtu wa mizaha. Siku moja alitoka Sori na mashua na dhoruba ikampata huko mbele. Mashua ilipatikana. Yeye hakupatikana. Wakamtafuta mpaka wakachoka, kisha watu wake wakaleta yago. Nilikuwa pale, nimeshikilia gauni la Dani. Niliona wanawake wakilifunika shuka jeupe kama mtoto mchanga. Niliona pasta akiliombea na mke wa Odongo akijitupa juu yake, akiliita mume wangu, mume wangu. Nikamuuliza Dani kwa nini wanalilia tunda. Akanijibu, "Odongo hayuko, nyathina. Yago limekuja mahali pake."

Mwanangu, ndivyo alivyoniita. Na jibu lake lingetosha, lakini baadaye mchuuzi mmoja wa samaki akarudi kutoka ng'ambo Tanzania akiapa kwamba amemwona Odongo huko, amenenepa, ana mke mwingine na duka la nyavu. Kijiji kikacheka mpaka machozi. Wanawake walikaa kisimani wakimtukana Odongo kwa furaha. Hakuna mtu mzima aliyeamini hadithi ile, ilikuwa njia yao ya kumkumbuka tu, lakini mimi niliimeza nzima nzima. Kichwani mwangu jambo likakaa hivi: mtu aliyekufa kweli anazikwa mwenyewe, na mtu anayezikiwa yago yuko mahali fulani, anakula, ananenepa, na siku moja huenda akarudi.

Jumapili moja simu haikulia. Mama alisimama juu ya jiwe mpaka kivuli chake kikafika kwenye paa la jikoni. Jioni redio ya Kwaro ikasema kambi ya wanajeshi wetu imevamiwa, na Kwaro akaizima, akaificha ndani ya koti lake kama vile redio ndiyo iliyofanya makosa. Siku zilizofuata wanawake walikuja kwetu bila sababu. Mmoja analeta mboga ambazo hatukuomba, mwingine anaazima ungo na anausahau. Wakiniona wanashusha sauti. Shuleni mwalimu akaniacha nisiandike hesabu, akaniambia nipumzike, na hapo ndipo nilipoogopa kikweli, kwa sababu mwalimu yule alikuwa anamchapa hata mtoto mwenye malaria.

Walipofika nilikuwa nyuma ya ghala la mahindi. Nilisikia gari, nikaona pasta wetu anashuka akiwa amevaa koti siku ya kazi, na nyuma yake wanajeshi wenye viatu vinavyong'aa kama vya Baba. Nikajificha chini ya ghala, tumbo kwenye vumbi. Mama alikuwa juu ya jiwe lake na simu mkononi. Aliwaona. Kwaro akamwita ashuke, pasta akamwita, Dani akamwita.

"Semeni tu," Mama akajibu kutoka juu. "Nawasikia."

"Mama, shuka tukae, tuongee vizuri," mwanajeshi mkubwa akamsihi.

"Nikishuka kitabadilika nini? Sema ukiwa hapo."

Ikabidi mtu yule mzima na nyota zake mabegani azungumze akiwa ameinua uso. Akasema kambi ilivamiwa. Akasema Baba hakuonekana miongoni mwa waliotoka hai. Akasema kuna waliofariki ambao bado hawajatambulika, kwa hiyo hawezi kumwambia Mama kwamba mumewe amekufa, na hawezi kumwambia kwamba yu hai. Dada yake Baba, tuliyemwita Waya, alikuwa amefika mbio kutoka shambani. Akaweka mikono kichwani na kupiga mayowe. Mama akamkemea kutoka juu ya jiwe, "Nyamaza! Unamlilia nani? Umesikia wamesema amekufa?" Waya akafunga mdomo kama bomba lililofungwa. Hakuna aliyelia tena siku hiyo.

Kabla ya kuondoka, mmoja wao alivaa mipira mikononi, akamwomba Kwaro afungue mdomo, akapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu lake na kukifungia kwenye chupa ndogo. Ninyi mnajua walichotaka. Mimi nilitambaa kutoka chini ya ghala nikiwa na furaha ya ajabu. Nilidhani wamekuja kuchukua mate ya baraka! Nilidhani jeshi lote limeshindwa kumpata Baba, likaona hakuna dawa ila kurudi kwa Kwaro. Nikamwambia, "Kwaro, si ungewapa mengi?" Mzee yule akageuza uso, akaenda kusimama mbali kule ng'ombe walikofungwa.

Tulingoja. Mahindi yaliyokuwa yamefika magotini yakatoa mbelewele, na bado hatukuambiwa kitu. Kila Jumamosi Mama aliwasha pasi ya makaa na kunyoosha shati la Baba, lile lile, ambalo hakuna aliyelivaa. Mimi niliogopa kila kitu kilichotoa sauti. Ngurumo ikipiga upande wa ziwa nilikuwa naingia chini ya meza. Pikipiki ikikata kona kuingia kwetu nilikuwa nakimbilia chooni. Kilichoniogopesha zaidi ni Mama mwenyewe, maana alikuwa hasikii ukimwita, na uji ulikuwa unafurika mbele ya macho yake.

Kwaro ndiye aliyechoka kwanza. Alimtuma mtu hadi pande za Ogwedhi alikokuwa ameuona mti wenye matunda mazuri, na mtu huyo akarudi na yago limefungwa kwenye gunia nyuma ya pikipiki. Wakaliweka kando ya ghala. Nililifungua gunia nikalitazama. Lilikuwa zito, na lilikuwa na nywele nywele za vumbi. Sikuogopa hata kidogo. Watu wazima walipoanza kugombana juu yake mimi nilikuwa upande wa Kwaro.

"Mtoto wangu hawezi kukaa nje kama mbwa asiye na kwao," Kwaro akasema. "Tutamzika kwa yago, apumzike."

"Baba, mimi sitazika tunda," Mama akasema. Hakuwahi kumjibu mkwe wake namna hiyo. "Siku nikizika tunda, nimemuua mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

"Kwa hivyo utangoja mpaka lini?"

"Nitangoja."

Nilitaka kumwambia, Mama, kubali! Yago ni zuri! Tukizika yago maana yake Baba yuko Tanzania na duka. Lakini mtoto haingilii maneno ya wakubwa, na Dani alikuwa amekwisha kuninyooshea kidole.

Kisha simu ikaja. Mama aliipokea juu ya jiwe, akasikiliza, akashuka, akamwambia Kwaro, "Wanamleta." Neno moja tu, na boma likageuka soko. Wanaume wakaanza kukata miti ya kujenga kivuli, wanawake wakaleta sufuria kubwa za kanisa, wengine wakashika njia ya kuchota maji. Kila mtu alikuwa na kazi isipokuwa mimi. Nikaenda kando ya ghala. Gunia lilikuwepo, limekunjwa vizuri. Yago halikuwepo.

Nilikuja kujua nikiwa mkubwa kwamba Dani alilitoa mara tu baada ya simu ile na kulitupa kichakani, maana mwili ukija nyumbani yago halikai tena bomani. Siku hiyo hakuna aliyeniambia. Nilisimama na gunia mkononi, na moyo wangu ukaanza kuruka. Nikaelewa kila kitu, au hivyo nilidhani. Wamelichukua. Limepelekwa likatiwe kwenye jeneza. Kwaro ameshinda, na Baba yu hai.

Jeneza lilipofika lilikuwa limefunikwa bendera, na wanajeshi waliolibeba hawakuhema. Hilo pia niliona. Baba alikuwa mtu mkubwa, alikuwa akikaa kwenye kitanda kinalia. Mwanajeshi mkubwa akamwambia Kwaro kwa adabu kwamba jeneza limefungwa na maagizo ni lisifunguliwe. Kelele zikazuka. Kwetu mtu hazikwi bila watu wake kumwona. Utajuaje umezika wa nani? Kwaro akasema kama ni hivyo, wamchukue mtu wao warudi naye, sisi tutaendelea kungoja wetu. Waliongea pembeni kwa muda mrefu. Mwishowe mwanajeshi akavua kofia, akasema, "Mzee na mama peke yao." Jeneza likaingizwa nyumbani, wakaingia, akaingia kijana mmoja na bisibisi, mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye kizingiti. Hakuna aliyenifukuza. Nilisikia skrubu zikilegezwa, nikasikia kitu cha plastiki kikifunguliwa. Kwaro akatoka kwanza, akanipita kama jiwe, akashika nguzo ya ukumbi. Halafu Mama akatoka. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, mtulivu kuliko ulivyokuwa miezi yote ile, na mimi nikachukua utulivu ule kuwa ushahidi wa mwisho. Nikamvuta gauni, nikamnong'oneza nikitabasamu, "Mama, ni yago?"

Aliinama. Alinishika kidevu akanitazama mdomoni, akapitisha kidole gumba kwenye meno yangu mapya ya mbele.

"Ndiyo," akasema. "Ni yago."

Kisha akasimama, akazunguka nyuma ya nyumba, na kutoka huko nikasikia yowe ambalo sijawahi kusikia tena maishani. Boma lote likaitikia. Wanawake walianguka chini, ng'ombe wakakata kamba. Nami, Mungu anisamehe, nilisimama pale nikimsifu mama yangu moyoni kwa jinsi anavyojua kuigiza.

Mazishi yale niliyafurahia. Nasema kama yalivyokuwa. Nilikula wali na nyama, nikaomba nyongeza. Bunduki zilipopigwa hewani watoto wenzangu walilia na mimi niliokota maganda ya risasi. Jeneza liliposhushwa nilichungulia kaburini nikitaka kuona kama tunda litagonga mbao. Waya akaniona nikicheka na binamu zangu, akanifinya mkono mpaka ngozi ikabadilika rangi. "Huyu mtoto ana moyo gani? Baba yake analala pale, yeye anacheka! Yawa, huyu ni mtoto kweli?" Mama akamwambia aniache. Wakaninyoa nywele pamoja na wafiwa wengine, nami nikanyolewa nikitikisa miguu, nikijua siri ambayo watu wote wale na machozi yao hawakuijua.

Haikupita muda wazee wakamletea Mama maneno ya kurithiwa na shemeji. Akakataa. Wakarudi, akakataa tena, na aliposikia kwamba wameanza kuongea bila yeye, alifunga nguo zetu kwenye begi la Baba, tukahamia Homa Bay. Alipanga chumba kwenye ploti karibu na ufuo, akaanza kununua omena na kuwaanika na kuwauza kwa kipimo cha gorogoro. Huko hofu zangu nyingi zilikwisha. Ngurumo haikunitisha. Pikipiki haikunitisha. Ningeogopa nini tena? Baba alikuwa hai, na mtu aliyekwisha kuzikwa haletwi tena na gari la jeshi.

Nilingoja vizuri sana. Wenzangu shuleni wakiniuliza nilikuwa nasema yuko Tanzania kikazi. Nikiwa wa kwanza darasani nilikuwa nahifadhi karatasi ya mtihani chini ya godoro nije nimwonyeshe. Kila mtu mrefu akiteremka kutoka kwenye boti ya Mbita au ya visiwani nilikuwa natazama anavyotembea. Mara moja moja nilikuwa namuuliza Mama, "Unadhani amenenepa?" naye, akiwa amenipa mgongo, akigeuzageuza omena, alikuwa akinijibu, "Labda. Alipenda kula." Hata mara moja hakuanza yeye. Mimi nikianza, alikuwa ananifuata polepole kama mtu anayetembea na mtoto gizani.

Nilipokuwa nakaribia kumaliza shule ya msingi nilianza kumkasirikia. Nilikuwa nimeota matiti, nimejua kuhoji. Kama yuko huko na duka, mbona hatumi hata salamu? Kama ana mke mwingine, basi aje aniambie usoni. Mchana mmoja, jua kali, nilitoka chumbani nimevaa gauni langu la kanisa, begi la Baba begani. Mama alikuwa ameinama juu ya neti ya kuanikia, anatenga omena na visamaki vingine na takataka za ziwa.

"Unakwenda wapi na begi?"

"Tanzania. Nimeongea na dereva wa lori la samaki, amesema atanifikisha mpakani, huko nitauliza njia. Naenda kumtafuta Baba. Wewe umekaa tu hapa na omena zako, hujali!"

Nilitegemea kofi. Mama akaachia omena wakamwagika kutoka viganjani mwake. Akakaa chini pale pale juu ya neti, juu ya bidhaa yake mwenyewe.

"Awuor, weka begi chini."

"Siweki."

"Hakuna mtu Tanzania, mwanangu."

"Ulisema ni yago!"

"Nilisema." Alikuwa anajipangusa mikono kwenye gauni, anajipangusa tena, mikono ilikuwa imekwisha kukauka. "Nilimwona. Uso haukuwepo. Niliona mguu wake wa kulia, kidole kile alichojikata na jembe akiwa kijana, kilichopona kimepinda. Nilikijua kidole kile kuliko ninavyokijua changu. Kwaro naye alikijua. Mengine sitakuambia, hata ukiwa mzee usiniulize."

Jua lilikuwa linanichoma kichwani na nilikuwa nahisi baridi. Nikamuuliza, sauti yangu imekuwa ya mtoto mdogo, "Kwa nini uliniambia ni yago?"

"Ulikuja ukicheka," Mama akasema. "Tangu alipoondoka tulikuwa tunamngoja wawili, mimi na wewe. Nilipotoka mle ndani mimi nilikuwa nimemaliza kungoja. Nikakuona wewe bado. Nikasema, basi, acha abaki hata mmoja."

Sikumbuki nilivyofika chini. Nakumbuka magamba ya omena kwenye mdomo wangu, na sauti iliyotoka tumboni mwangu ambayo sikujua ninayo. Nililia yale yote niliyopaswa kulia juu ya kaburi, na wali ule, na maganda yale ya risasi. Nilimwita Baba kwa jina lake, jambo ambalo mtoto hafanyi. Mama alinikumbatia kichwa kifuani mwake, akaniyumbisha, hakuniambia ninyamaze.

Kwetu yowe la namna ile haliulizwi mara mbili. Milango ya ploti ikafunguka, wanawake wakatoka mbio mikono kichwani, mbele yao Nyar Gem, jirani wa chumba cha pili, unga wa ugali umemjaa viganjani.

"Uwi! Ni nani? Nani amekufa?"

"Baba yake," Mama akasema.

Nyar Gem alijua vizuri kwamba Mama ni mjane, alikuwa amemjua hivyo tangu siku tuliyohamia pale. Alimtazama Mama, akanitazama mimi nilivyolala kwenye neti na gauni langu la kanisa. Hakuuliza la pili. Alifungua leso yake kichwani, akajifunga kiunoni, akaketi chini karibu nasi, akaanza kumlilia Baba.